Karani hahitaji kujua unaumwa nini

Kuna mwandishi aliyedai kwamba mgonjwa anayekataa kutaja ugonjwa wake kwenye dirisha la mapokezi hospitalini anaringa; amechanganya mambo. Karani wa mapokezi anahitaji jina, kadi ya bima na kliniki unayokwenda. Dalili za hatari, damu inayotoka au kifua kinachobana, aziulize haraka. Zilizobaki ni kazi ya muuguzi, tena chumbani. Lakini "una tatizo gani, mama?" kupitia kioo chenye tundu dogo, huku nyuma yako wamepanga foleni jirani, shemeji na mwalimu wa mwanao? Mwenye usaha sehemu za siri atasema ana malaria, apelekwe kusikostahili, foleni izidi kurefuka. Halafu tunalalamika kuwa wagonjwa ni waongo!

Eti faragha ni anasa ya hospitali za kulipia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, wala haikuzisamehe zahanati za serikali. Na gharama yenyewe iko wapi? Mstari wa rangi sakafuni wa kuwazuia wanaosubiri, kikaratasi na kalamu kwa anayeona haya kusema, na karani ashushe sauti.