Umesoma Chapa Gani?

Mwanafunzi anayetetea TFC yake katika kitivo chetu huulizwa mengi: nadharia ni ipi, tatizo ni lipi, sura ya tatu mbona fupi. Swali moja bado sijalisikia: kitabu ulichokichambua, umekisoma katika chapa gani? Tunaandika jina la mwandishi, jina la kitabu, na mwaka wowote tuliouona karibu na ukurasa wa kwanza, basi. Mimi naona kwamba swali hilo lingeangusha kazi nyingi tunazozisifu. Mashahidi wangu nawatoa mbali, kwa watu ambao wengi wenu hamkuwatazamia: Wamarekani wanaokusanya mifululizo ya vitabu vya watoto iliyochapwa nchini mwao katika karne ya 19.

Kwanza tuelewane juu ya vitabu vyenyewe. Mwaka 1827 Samuel Goodrich alitoa mjini Boston kitabu kidogo ambamo mzee aitwaye Peter Parley anawasimulia watoto habari za Amerika. Kilipendwa, akaongeza kingine, na kingine, hata jina la Parley likawa mali inayouzika. Nathaniel Hawthorne na dada yake walimtungia historia ya dunia iliyotoka mwaka 1837 kwa jina la mzee huyo, na huko Uingereza wachapishaji wakajitungia akina Parley wao bila kumwomba ruhusa. Jacob Abbott akafuata na Rollo, kuanzia 1835. Kisha Oliver Optic, ambaye jina lake la kuzaliwa ni William Taylor Adams. Kisha Horatio Alger, aliyetoa mwaka 1868 kitabu cha Ragged Dick, kijana mng'arisha viatu wa New York. Elsie Dinsmore wa Martha Finley alianza mwaka 1867 akiwa mtoto, akaolewa, akawa bibi mwenye wajukuu, vitabu 28 mpaka 1905.

Wasomi wa wakati ule hawakuvipenda. Louisa May Alcott, ambaye naye aliandikia watoto, alivishambulia vitabu vya aina hiyo ndani ya riwaya yake Eight Cousins ya mwaka 1875, na Optic akamjibu katika gazeti lake. Maktaba kadhaa za umma ziliviondoa kwenye rafu. Ndiyo sababu kazi ya kuvihifadhi iliangukia watu wasio na cheo cha chuo kikuu, waliovifuata katika minada na katika masanduku ya nyumba za marehemu, na waliolazimika kujifundisha wenyewe namna ya kujua nakala moja ina umri gani.

Namna hiyo ndiyo ninayotaka tuiibe. Mchapaji wa Marekani wa miaka ile alipanga herufi za risasi, akachukua umbo la ukurasa mzima, akamimina madini, akapata bamba. Bamba liliweza kukaa ghalani miaka mingi, likauzwa, likabadili mwenyewe, na ukurasa ukabaki uleule. Loring wa Boston, mchapishaji wa kwanza wa Ragged Dick, alipofilisika mwaka 1881, Alger alihamia kwa Porter & Coates wa Philadelphia. Baadaye zikaja nyumba za bei ndogo kama Hurst na A. L. Burt za New York, na Donohue ya Chicago, zilizomchapa kwenye karatasi ambayo leo inavunjika kama jani kavu. Mwaka unaosomeka nyuma ya ukurasa wa jina ni ule haki ilipoandikishwa. Karatasi yenyewe inaweza kuwa imepita mashineni miaka arobaini baadaye.

Mkusanyaji basi haulizi mwaka huo peke yake. Anafungua kurasa za mwisho, penye matangazo. Kama orodha inataja kuwa kitabu cha mwaka 1872 kinauzwa tayari, nakala hiyo haiwezi kuwa ya 1868, hata jalada likiapa. Anatazama anwani ya mchapishaji, maana nyumba hizo zilihama mtaa. Anatazama jina kwenye mgongo wa kitabu na pambo la jalada. Ni kazi ya upelelezi, na mara nyingi inatoa jibu ambalo historia ya fasihi haikulijua. Alger alikufa mwaka 1899, lakini vitabu viliendelea kutoka kwa jina lake, kwa sababu Edward Stratemeyer alimalizia vingine na kutunga vingine. Mwanafunzi atakayeandika kuhusu mtindo wa Alger uzeeni bila kujua hilo ataeleza mtindo wa Stratemeyer.

Mfano unaowagusa zaidi watu wa lugha ni Little Women ya Alcott mwenyewe, iliyotoka kwa Roberts Brothers katika sehemu mbili, 1868 na 1869. Mwaka 1880 nyumba hiyohiyo ilitoa toleo lenye picha nyingi za Frank Merrill, na maneno yakapigwa pasi. Lugha ya mitaani midomoni mwa wasichana ilisafishwa, sarufi ikanyooshwa. Mama yao, aliyekuwa mnene na wa kawaida, akawa mrefu mwenye sura ya heshima. Laurie jirani yao akaongezewa kimo na kupewa pua nzuri zaidi. Kwa takriban miaka mia moja chapa nyingi zilifuata maneno ya 1880. Sasa fikirini mwenzenu anayehesabu maumbo yasiyo sanifu katika usemi wa Jo, kisha anahitimisha kwamba Alcott alikuwa mpole kwa lugha ya vijana. Hesabu zake ni sahihi, chapa ndiyo iliyomdanganya.

Na wale kati yetu waliokutana na wasichana hao kwa Kifaransa, kama Les Quatre Filles du docteur March, wako mbali zaidi. Katika Kiingereza hakuna daktari. Baba ni mchungaji aliyekwenda kuhudumia wanajeshi. Aliyemfanya daktari ni P.-J. Stahl, jina la kalamu la mchapishaji Hetzel, katika tafsiri yake ya mwaka 1880 mjini Paris, na jina hilo limebaki hadi leo kwenye majalada ya Kifaransa.

Sasa tufike kwetu, maana mfululizo mmoja ulifika. Thomas W. Knox, mwandishi wa habari, aliwaandikia Harper & Brothers wa New York vitabu vya vijana wawili wa Kimarekani, Frank na Fred, wanaozunguka dunia pamoja na Daktari Bronson. Ni vitabu vikubwa, vyenye picha tele na majalada ya kitambaa yanayopendwa sana na wakusanyaji. Kile cha mwaka 1888 kinaitwa The Boy Travellers on the Congo, na jina lake refu linaahidi safari ya vijana wawili pamoja na Henry Stanley. Vijana hao hawakuwapo. Safari halisi ilitoka Bagamoyo Novemba 1874, ikapita Nyangwe, ikashuka mto wetu hadi Boma Agosti 1877. Wazungu watatu waliofuatana na Stanley, ndugu wawili Pocock na Frederick Barker, wote walikufa njiani. Waliobeba mizigo, waliopiga makasia na waliokufa kwa wingi ni watu wa Zanzibar na pwani, wasemaji wa lugha ninayoandikia hapa.

Knox alichota habari zake katika Through the Dark Continent, juzuu mbili za Stanley za mwaka 1878. Stanley, pamoja na dhambi zake zote, aliandika majina ya waliokufa na ya waliorudi. Tunamjua nahodha Manwa Sera na tunamjua Uledi, mshika usukani wa mashua, kwa sababu majina yao yalichapwa. Ni nini kilichobaki cha watu hao juzuu mbili zilipopunguzwa ziwe zawadi ya Krismasi kwa mtoto wa Ohio, miaka mitatu baada ya Leopold kutangazwa mwenye Kongo? Nani alibaki na jina, nani akawa "mbebaji" tu? Ni picha zipi za chapa ya 1878 zilizorudiwa, na chini yake pakaandikwa nini? Hiyo ni TFC kamili. Inahitaji chapa mbili na subira. Najua kuna walimu watakaosema kwamba vitabu vya watoto si mada ya chuo kikuu. Maktaba za Marekani zilisema hivyohivyo kabla ya kuanza kuvitafuta. Leo Chuo Kikuu cha Florida kina Maktaba ya Baldwin, yenye vitabu vya zamani vya watoto zaidi ya 100,000, na msingi wake ni mkusanyo wa mtu mmoja, Ruth Baldwin. Vingi vyao vinasomeka bure kwa simu, vikiwa na matangazo na majalada, hata majina ambayo watoto waliyaandika ndani kwa penseli.

Wapo wenzangu wanaoniuliza kwa nini tuhangaikie vitabu vilivyotutukana. Kwa sababu tusi lililofutwa haliwezi kuthibitishwa. Elsie Dinsmore amekulia katika shamba la watumwa kusini mwa Marekani, na watumwa wa kitabu cha 1867 wanasema Kiingereza kilichovunjwa makusudi na mwandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hadithi hizo ziliandikwa upya kwa ajili ya wasichana wa leo, na usemi huo ukarekebishwa. Mzazi anaweza kuwa na sababu nzuri ya kupendelea hiyo mpya. Lakini anayetaka kujua watoto weupe wa miaka ya 1870 walifundishwa nini kuhusu kinywa cha mtu mweusi hana budi kwenda kwa mkusanyaji mwenye nakala chafu.

Sikubaliani na wakusanyaji katika kila jambo. Sehemu ya kwanza ya Little Women inapanda bei kama mgongo wake hauna maneno "Part One", kwa sababu hiyo ni dalili ya nakala za mwanzo kabisa. Dalili ni nzuri. Bei ni mchezo wa matajiri. Tena wengi wao hudharau chapa za Hurst na Donohue, eti ni takataka. Mimi ningeanza na hizo, maana ndizo zilizomfikia mtoto wa mfanyakazi. Kitabu kilichosomwa mpaka kikakatika uzi kina habari ambayo kile cha kabatini hakina.

Sisi tuko wapi? Tunasoma kwa fotokopi, na mwenye mashine, ili kutupunguzia franga, huanza ukurasa wa 5. Jalada, ukurasa wa jina na mgongo wake vinabaki dukani. Silabusi zinanakiliwa mwaka baada ya mwaka hadi hakuna anayejua sentensi fulani ni ya profesa au ya mwanafunzi aliyeichapa. Vitabu vya kusomea vya Kiswahili ambavyo misheni zilivichapa katika nchi hii kabla ya uhuru, ambavyo babu zetu walijifunzia herufi, vinafungia karanga sokoni. Kiswahili cha vitabu hivyo kilirekebishwa chapa hadi chapa, na mtu asiye na chapa mbili mkononi hawezi kuonyesha neno moja lililobadilishwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kitivo kidai kila TFC itaje chapa iliyosomwa, na iambatanishe nakala ya ukurasa wa jina pamoja na mgongo wake. Ni kurasa mbili tu za fotokopi. Na wewe ambaye nyumbani kwenu kuna kitabu cha shule cha zamani, hata kama mchwa wamekula jalada, kilete kwa wahariri wa jarida hili wakipige picha, kuanzia ukurasa wa kwanza uliobaki hadi tangazo la mwisho, kisha ukirudishe kwa mwenyewe.