Runinga ya Pili Chomboni, na Uvivu wa Kalamu Zetu



Nimefuatilia kwa subira ugomvi wetu wa siku nyingi: je, kile chombo kinachotuonyesha picha kiitwe runinga, luninga au televisheni? Hoja zimetolewa, majibu yamejibiwa, na baadhi ya malenga wamefikia kutoleana maneno ambayo hayafai kurudiwa mbele ya wazee. Sikuja kuamua kesi hiyo. Nimekuja kushitaki pande zote mbili, na mimi mwenyewe nikiwa mshitakiwa wa kwanza. Wakati sisi tukibishana jina la kitu, watu wanaokifunga, wanaokilipia na wanaolala karibu nacho hawana hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaowaeleza namna ya kukifunga bila kuhatarisha maisha yao.

Nasema hivi kwa sababu ya lililotokea katika jahazi la mjomba wangu.

Mjomba ni nahodha. Jahazi lake lina injini na hubeba mizigo kati ya Tanga na Pemba. Chumbani mwake nyuma, upande wa tezi, mlikuwa na runinga moja ndogo inayotumia umeme wa betri wa volti 12, na antena yake imefungwa mlingotini. Mabaharia waliokuwa wakilala omo walilalamika kwamba kila chombo kinapotia nanga kungoja maji kujaa, nahodha hutazama mpira peke yake. Mjomba ni mtu wa haki. Akanunua runinga ya pili, akamwita fundi kijana aifunge omo.

Fundi yule si mzembe, wala si mjinga. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana tuna tabia ya kumalizia kila msiba kwa kumlaani fundi. Alihitaji umeme upande wa omo, akaukuta katika waya wa pampu inayotoa maji ya ngama. Akaunga hapo hapo kwa kusokota nyaya na kuzizungushia utepe. Waya ule ulikuwa na fyuzi ya ampea 5, iliyotosha pampu peke yake, kwa kuwa pampu huvuta kama ampea 4. Runinga iliongeza ampea 3. Kila pampu ilipoanza kazi huku runinga inawaka, fyuzi ilikatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Ya tatu ilipokatika akaamua kwamba fyuzi za siku hizi ni mbovu. Akachukua ile karatasi ya kung'aa iliyomo katika pakiti ya sigara, akaikunja, akaiweka mahali pa fyuzi. Runinga ikawaka, pampu ikafanya kazi, mabaharia wakashangilia, na fundi akalipwa.

Siku chache baadaye, usiku, wakiwa njiani, takataka ziliingia katika pampu ikakwama. Pampu iliyokwama huvuta umeme mwingi kupita kiasi chake, na fyuzi imeundwa kwa saa kama hiyo: ife yenyewe ili waya usalimike. Lakini fyuzi haikuwapo. Waya ukapata moto, ngozi yake ikayeyuka, na pale penye kiungo cha kusokotwa, palipokwisha kuliwa na chumvi, pakawaka. Mabaharia waliuzima moto haraka. Ila pampu ilikuwa imekufa, na maji ya ngama yakaanza kupanda. Wakayafua kwa ndoo hadi alfajiri, zamu kwa zamu, hadi wakaingia bandarini. Wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Usiku ule mjomba alikwenda tezi na omo kutafuta runinga ya pili, na marejeo yakawa ngamani kweli, ndoo mkononi.

Hakufa mtu. Lakini jambo moja halijanitoka moyoni. Nilimwendea yule fundi, nikamuuliza bila ukali, "Mwanangu, hukujua kazi ya fyuzi?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee, kufunga najua. Kwa nini inafungwa, hilo sikuambiwa." Kisha akanionyesha karatasi iliyokuja ndani ya sanduku la runinga. Ilikuwa na Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Onyo la fyuzi lilikuwamo katika lugha zote nne. Kiswahili hakikuwamo.

Hapo ndipo nilipoona haya ya kuitwa mtu wa lugha.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni lile la wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Basi hebu rudini mkaisome hadithi niliyoisimulia. Nimeeleza chanzo cha umeme, kiasi chake, kiungo, joto, fyuzi na kufa kwa pampu, wala hamkuhitaji kamusi. Kama lugha imeweza kueleza ajali, itashindwaje kueleza namna ya kuiepuka? Tusiisingizie lugha umaskini ulio katika juhudi zetu.

Jibu la pili litatoka upande wa pili, kwa wale wanaokunja uso wanapoona neno "fyuzi", wakitaka kwanza tukae tulibunie jina la asili. Hawa nawauliza: nahodha ni neno la wapi? Nanga je? Bandari? Serahangi? Yote hayo tuliyapokea kutoka Kiajemi. Usukani tuliupata kwa Waarabu, na parafujo tulipewa na Wareno. Hakuna baharia wa Tanga wala wa Wete anayesita kutupa nanga kwa kuwa jina lake lilikuja na upepo wa kaskazi. Bahari ndiyo iliyotufundisha kupokea. Neno likifika na chombo chake, likakaa midomoni mwa wanaolitumia, limekwisha kuwa letu.

Wala sisemi tusibuni. Tukibuni, tubuni kwa haja, mbele ya wenye haja. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, nyumba nyingi zilihitaji kifaa kipya ili runinga zao zisibaki vipande vya kioo. Kifaa kile kikaitwa king'amuzi, kutokana na kitenzi kung'amua, na neno likaenea hadi vibandani na sokoni bila kongamano. Kabla ya hapo, lile sahani kubwa la kupokelea mawimbi ya satelaiti watu walikwisha kuliita ungo, kwa sababu kila mwenye jiko alijua ungo unafananaje. Hizo ni njia tatu nzuri: kitenzi chetu, chombo cha nyumbani, na neno la kupokea. Ya nne, ya kukaa chumbani na kukataa kila neno hadi lije lililo safi, haijamsaidia fundi hata mmoja.

Jibu la tatu ndilo linalonikera zaidi: "Fundi asome Kiingereza." Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Sheria za umeme anazikuta upande wa pili wa ukuta huo. Wengi huishia kabla ya ukuta, na wengine huuvuka wakiwa wamekariri bila kuelewa. Kumwambia mtu huyo asome Kiingereza kwanza ndipo astahili kujua kwa nini chombo huungua, ni kuufanya uhai wake uwe zawadi ya mtihani.

Na wale wanaosema ufundi hufundishwa kwa mikono, si kwa maandishi, nawakubalia nusu. Mikono huonyesha namna. Sababu hubebwa na maneno. Aliyeonyeshwa namna bila sababu, siku namna inapogoma, huchukua karatasi ya sigara.

Sasa nawageukia malenga wenzangu, kwa kuwa hapa ndipo nyumbani kwetu. Tunapenda kusema kwamba ushairi wa Kiswahili ulikuwa shule. Ni kweli. Mwana Kupona hakutunga utendi wake ili apigiwe makofi. Alimwachia binti yake maelekezo ya kuishi. Shaaban Robert aliwatungia wanawe tenzi za maadili. Kwa mizani na vina, mafunzo yalikaa kichwani mwa asiye na kitabu, na yakapita mkono kwa mkono hadi kwetu. Sisi warithi tumeubakiza ushairi katika mapenzi, sifa na malumbano ya runinga na luninga. Sichukii mashairi ya mapenzi, nami nimetunga mengi, baadhi yakiwa mabaya. Nasema tu kwamba urithi tunaojisifia ulikuwa na chumba kingine, na chumba hicho tumekifunga kwa kufuli.

Ili nisiwe mtu wa maneno matupu, nimekaa na yule fundi siku mbili. Yeye amenifundisha chomboni, mimi nimeandika. Nimejifunza kwamba runinga ya pili inastahili waya wake yenyewe kutoka betrini, usioguswa na pampu, wenye fyuzi yake, na fyuzi hiyo ikae karibu kabisa na betri, si karibu na runinga. Fyuzi huulinda waya, na haiwezi kuulinda waya iliyouacha nyuma yake. Nimejifunza kwamba waya mrefu uwe mnene zaidi, kwa kuwa safari ndefu katika waya mwembamba huupunguza umeme njiani, na kwamba nyaya za shaba zilizopakwa bati huvumilia chumvi kuliko shaba tupu.

Kuhusu antena, nimejifunza kwamba waya wake hausokotwi kuwa mapacha. Waya wa antena una kipimo chake, omu 75, na ukiunganishwa ovyo mawimbi hugongana yakarudi yalikotoka. Katika matangazo ya dijitali picha haififii polepole kama zamani. Hukatika vipande vipande, kisha ikaganda. Dawa ni kidude chenye mdomo mmoja wa kuingizia na miwili ya kutolea, ambacho nakiita kigawanyi hadi mafundi wakipe jina bora. Lakini kugawa ni kugawa: kila runinga hupata chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mawimbi, hivyo penye mawimbi hafifu huhitajika kikuza mawimbi kifungwe kabla ya kugawa, karibu na antena. Tena chombo hugeuka nangani, na antena inayotazama upande mmoja huupoteza mnara. Iliyoundwa kupokea pande zote hupokea kwa udhaifu zaidi, lakini haijali chombo kimeelekea wapi.

Hayo yote nimeyasema kwa Kiswahili, nanyi mmeyafahamu. Kisha nikamtungia fundi beti mbili, akaniambia nibadilishe maneno matatu, nami nikabadilisha bila kinyongo:

Waya una joto ndani, usilipe njia yake,
Fyuzi uweke mwanzoni, likizidi ikatike,
Ukiiweka mwishoni, wataka waya uwake,
Chombo kiko baharini, hapana pa kukimbia.

Mlingoti ule ule, runinga hii ya pili,
Usiunganishe vile, nyaya kusokota mbili,
Kigawanyi funga pale, nusu nusu kwa adili,
Chombo kiko baharini, hapana pa kukimbia.

Si beti za kushindania tuzo. Lakini fundi amezihifadhi, na nimesikia kwamba baharia mmoja huziimba akiwa zamu. Kwangu hiyo ni tuzo tosha.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu, kabla mwaka haujaisha, amtafute fundi mmoja: wa umeme, wa gesi, wa pampu, wa mashine ya kushonea. Akae naye, aandike ukurasa mmoja au beti chache, kisha amsomee kwa sauti kabla hajatuletea sisi. Pale fundi anapokunja uso, neno hilo ni bovu hata kama limo katika kamusi. Pale anapotikisa kichwa na kusema "ndiyo hivyo", hapo pana Kiswahili.

Na mkitaka kuendelea kubishana kama ni runinga au televisheni, endeleeni. Mjomba ameifunga upya ile ya pili, kwa waya wake na fyuzi yake. Yeye huiita "ile ya omo", na kila mtu chomboni anajua ni ipi.

Wasalaam.