Dereva wa watoto apewe masharti

Kuna jambo linalonikera kila asubuhi ya siku za shule, yaani namna wazazi wanavyowakabidhi watoto wao kwa madereva.

Siku hizi hata huku vijijini wapo wazazi wengi wanaosomesha watoto wao mjini. Kwa kuwa wenyewe huwahi shambani au kazini, hupatana na kijana mwenye gari, au jirani, au shemeji, awachukue watoto alfajiri na kuwarudisha jioni. Mpango huo sina ugomvi nao. Ubaya wake ni kwamba mapatano yote huishia kwenye bei. Nimesikia wazazi wakivutana na dereva juu ya shilingi elfu tano za mwezi, lakini sijasikia hata mmoja akimwuliza mtoto wake atakaa wapi ndani ya gari hilo.

Matokeo tunayaona. Barabarani karibu na shule yetu nimehesabu watoto 15 wakishuka kwenye gari la abiria 7. Wale wadogo kabisa walikuwa kiti cha mbele, wamepakatana. Dereva huyo analipwa kwa kichwa, hivyo kila mtoto anayemwongeza ni faida kwake. Tukimlaumu yeye peke yake tutakuwa hatujatenda haki, maana sisi ndio tuliomwekea utaratibu huo wa malipo.

Ndugu Mhariri, wengi hudhani mtoto aliyepakatwa yu salama. Nami kama mwalimu naomba tupige hesabu. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likagonga kitu na kusimama ghafla, kishindo chake kwa aliye ndani bila mkanda ni kama cha kuanguka kutoka juu ya mti wa mita 10. Mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayoweza kufika kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi. Ni mikono ya nani itakayozuia magunia mawili? Aliyempakata naye kama hana mkanda humwangukia mtoto na kumbana kwa uzito wake.

Sisi watu wa Karatu hatuhitaji kufundishwa uchungu wa ajali. Tarehe 6 Mei, 2017, basi la shule kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Kila ajali ina sababu zake, wala sisemi kwamba hii ninayoisema ndiyo iliyokuwa sababu ya ile. Ninachosema ni kwamba baada ya msiba kama ule, mzazi hana udhuru wa kutouliza.

Kwa hiyo nashauri mambo yafuatayo, ambayo mengi hayana gharama. Kwanza, wazazi wa watoto wanaopanda gari moja wakutane, wapatane na dereva bei ya safari nzima, kisha waigawane. Hapo dereva hatakuwa na sababu ya kuwashindilia watoto. Pili, kila mtoto awe na nafasi yake na mkanda wake, wala wasifungwe wawili katika mkanda mmoja. Tatu, watoto wakae viti vya nyuma, kwa sababu mfuko wa hewa wa mbele hufumka kwa nguvu iliyopimwa kwa mtu mzima na unaweza kumuua mtoto mdogo. Nne, dereva awahesabu watoto wakipanda na wakishuka, na asimwache hata mmoja ndani ya gari lililofungwa juani. Joto la humo huweza kupanda kwa nyuzi 10 katika dakika 10 tu. Tano, mtoto asivuke barabara mpaka gari alilotoka limekwisha kuondoka naye anaona pande zote mbili.

Mwenye uwezo na anunue kiti maalumu cha mtoto, kwani mkanda wa mtu mzima humpita mtoto mfupi shingoni na tumboni badala ya begani na kiunoni. Na kiti hicho kihame pamoja na mtoto. Kukifunga katika gari la baba, kisha mtoto akasafiri kila siku katika gari la mtu mwingine, hakusaidii kitu.

Najua wapo watakaosema kwamba watoto wakipunguzwa ndani ya gari, nauli itapanda. Ni kweli itapanda. Lakini mzazi huyo huyo akimtuma mtu apeleke mbuzi mnadani humwuliza atamfunga kwa kamba gani na atampitisha njia ipi. Mtoto naye anastahili maswali hayo.

Naziomba kamati za shule zilifanye jambo hili kuwa ajenda katika mikutano ya wazazi, na askari wa usalama barabarani wayakague magari haya asubuhi, watoto wakiwa bado wamo ndani. Mzazi anayemkabidhi mtoto kwa dereva amemkabidhi na wajibu wa mzazi. Basi ampe na masharti yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Karatu.