Anajua nambari ya mtoto wako shuleni. Bado kata simu

Shemeji yangu anauza omena sokoni Uriri. Jumanne moja muhula uliopita, mwendo wa saa nne asubuhi, alipigiwa simu na mwanamume aliyejitambulisha kama mwalimu wa zamu. Alimsalimu kwa Kijaluo, akamwita mama fulani kwa jina la mtoto, vile tunavyoitana huku kwetu, kisha akatoa habari: kijana ameteleza bafuni, amegonga kichwa, yuko hospitali mjini Kisii na daktari anataka apigwe picha ya kichwa haraka. Shilingi 8,500. "Mama, tuma tu ulicho nacho, hiyo nyingine shule itaongezea."

Shemeji si mtu wa kudanganywa ovyo. Alimuuliza huyo mwalimu, mtoto wangu ni nambari ngapi hapo shuleni? Akaitaja. Bweni gani? Akalitaja. Akaongezea hata salio la karo, mpaka shilingi ya mwisho. Sasa ni nani mwingine angejua hayo yote kama si mtu wa shule? Akatuma 4,000, pesa aliyokuwa ameweka ya kuongeza mzigo. Alipompigia mwalimu wa darasa baadaye kuuliza hali, kijana alikuwa darasani akifanya hesabu.

Ilichukua siku mbili kujua mambo yalivujia wapi. Wiki moja kabla, karani wa shule alikuwa ametuma faili kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Alitaka kutuma tarehe za kufunga shule. Kumbe ametuma orodha ya wenye madeni ya karo: jina la mtoto, nambari yake, bweni, salio, jina la mzazi, simu ya mzazi na nambari ya kitambulisho. Orodha ilikaa pale dakika ishirini hivi, ikafutwa, ikafuatwa na "Samahani wazazi, faili si hilo." Watu wakatania kidogo, yakaisha. Lakini aliyekuwa ameshaipakua alibaki nayo kwa simu yake, na kikundi chenye watu mia mbili huwezi kusema unawajua wote.

Nafanya kazi ya kuelimisha wateja wa pesa kwa simu, na lazima nikiri jambo. Miaka yote wimbo wetu umekuwa mmoja: usimpe mtu PIN yako. Ni wimbo mzuri na tutaendelea kuuimba. Lakini shemeji hakumpa mtu PIN. Aliibonyeza mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na akili zake timamu. Hata jina la mpokeaji lilitokea kwa skrini kabla hajathibitisha, nalo halikumsaidia kitu, manake hakuwa anajua mwalimu wa zamu anaitwa nani.

Kosa lilikuwa kwa kipimo alichotumia. Alimpima mpigaji kwa yale anayoyajua. Hicho ni kipimo cha zamani, cha wakati ambapo habari za mtoto zilikaa kwa daftari la mwalimu mkuu na kabati likafungwa kwa kufuli. Siku hizi fomu moja ya basari inapita kwa chifu, kwa saiba, kwa ofisi ya hazina ya eneo bunge, na nakala zilizoharibika zinabaki kwa pipa la saiba. Mimi mwenyewe nimewahi kununua njugu zilizofungwa kwa ripoti ya mtoto wa watu, jina, alama na maoni ya mwalimu yote yakisomeka. (Hesabu ilikuwa imemshinda.) Kwa hiyo ukipigiwa, hata mtu akikutajia rangi ya sanduku la mtoto, hiyo si ithibati. Kata simu. Usiogope kuonekana huna adabu. Halafu mpigie mwalimu wa darasa kwa nambari uliyokuwa nayo kabla ya siku hiyo, wala si nambari utakayopewa na huyo aliyepiga. Mwalimu wa kweli hatakasirika.

Na usifikiri haya ni mambo ya vijijini kwetu tu. Desemba 2024, wezi waliingia kwenye mitambo ya PowerSchool, kampuni inayoweka kumbukumbu za wanafunzi kwa shule nyingi za Marekani na Kanada. Kampuni ililipa wezi ikiahidiwa kwamba data itafutwa. Mei 2025 baadhi ya shule zikaanza kupokea vitisho vya kudaiwa pesa kwa data ileile. Kampuni yenye mawakili na wataalamu ililipa na bado haikurudishiwa siri zake, sembuse kikundi cha WhatsApp ambapo karani amefuta ujumbe.

Ndiyo maana 4,000 za shemeji hazikunisumbua sana kama ile safu ya mwisho ya orodha, ya nambari za kitambulisho. PIN utabadilisha leo. Laini utabadilisha kesho. Nambari ya kitambulisho utakufa nayo, na Mkenya huiandika kila mahali: kwa mlango wa kila jengo la ofisi, kwa daftari la wakala, kwa fomu ya chama cha akina mama. Juni 2021 Wakenya wengi walipoangalia mtandaoni kupitia eCitizen walijikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Mtu alikuwa na nambari zao, akazitumia. Safari hiyo ilikuwa kadi ya chama. Safari nyingine inaweza kuwa laini ya simu, au mkopo.

Nilimwomba shemeji abonyeze *106#, huduma inayokuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikatoka tatu. Mbili anazijua, yake na ile aliyomsajilia mama mkwe wake. Ya tatu hakuna mtu nyumbani aliyeitambua. Siwezi kuapa kwamba ilitokana na orodha ile ya karo, huenda ni ya miaka ya nyuma, wakati laini zilisajiliwa barabarani chini ya mwavuli. Lakini laini hiyo ikitumika kumtapeli mtu, jina litakalotokea ni lake. Alichukua kitambulisho chake halisi, akapanda matatu hadi Migori, akaenda dukani kwa kampuni yenyewe, laini ikaondolewa. Fanya hivyo leo kabla hujalala, ni dakika mbili tu na hailipishwi.

Kuna wizi mwingine wa kuangalia, ule wa kubadilishiwa laini. Mwizi mwenye jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na mwaka wako wa kuzaliwa anaweza kujaribu kujifanya ni wewe umepoteza simu, apewe laini mpya yenye nambari yako. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla kwa simu yako huku jirani zako wote wanapiga simu kama kawaida. (Ukiwa Isebania, mtandao wa Tanzania huvuta simu, hilo usilitie wasiwasi.) Ikitokea, azima simu, pigia kampuni yako palepale, usingoje jioni. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# mapema ili laini yao isibadilishwe na wakala yeyote tu. Na PIN, tafadhali, isiwe mwaka wa kuzaliwa, wako wala wa mtoto. Mwaka wa mtoto uko kwa fomu zilezile.

Kama pesa imeshaenda, dakika zina maana. Kwa M-Pesa, tuma ujumbe wote wa muamala kwa 456 kuomba urejeshewe, na ujumbe wa kitapeli upeleke kwa 333. Shemeji alifanya hivyo baada ya saa nzima. Aliyepokea alikuwa ameshazitoa zote. Kuhusu mikopo, sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka, na huko utaona kama kuna deni lililochukuliwa kwa jina lako.

Sasa niseme na shule, manake nimechoka kusikia kila mara kwamba mzazi ndiye hakuwa makini. Mzazi hakuvujisha orodha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu kila anayekusanya habari za watu, na shule ni mmoja wao. Habari zikivuja na kuna hatari ya mtu kudhurika, shule ina saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna wa Data, na wenyewe wenye habari lazima waambiwe kwa maandishi. "Samahani wazazi, faili si hilo" haitoshi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza shule ya Roma ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu. Siku hiyohiyo ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizotoka kwa wengine kuwatumia jumbe za vitisho. Kupeleka malalamiko kwa Kamishna hakulipishwi, na huhitaji wakili.

Najua mzazi mwenye deni la karo anaogopa kuuliza maswali shuleni, mtoto asije akarudishwa nyumbani. Basi msiende mmoja mmoja. Kwenye mkutano wa wazazi ujao ulizeni pamoja: kwa nini orodha ya karo ina nambari za vitambulisho? Ni nani anaishika? Salio la kila mzazi si linaweza kutumwa kwa simu yake peke yake? Shule ya shemeji iliulizwa hivyo na wazazi kumi na moja. Sasa kikundi kile ni cha matangazo tu na ni walimu wawili pekee wanaoweza kutuma kitu.

Shemeji naye ameandika nambari ya mwalimu wa darasa kwa kalamu nyeusi kwenye mbao za kibanda, juu kabisa ya mizani. Na siku ya kufungua shule alikubaliana na kijana neno moja, ambalo halimo kwa fomu yoyote. Akipigiwa tena kwamba kijana ni mgonjwa, atasema mpe simu anitajie lile neno. Nimemuuliza ni neno gani. Amekataa kuniambia.