Uvimbe wa Taya Si Jino Kila Mara

Mtoto akiamka shavu limevimba, utafikiria jino, na mara nyingi utakuwa umefikiri sawa. Lakini jino likishang'olewa na uvimbe ukazidi, au meno kadhaa ya upande mmoja yakalegea, usingoje. Huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani ambayo chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Jina hilo latokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewaona watoto wenye uvimbe huo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka wa 1957. Aligundua kwamba huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye joto na mvua nyingi, ambako malaria imeenea. Mnamo 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana katika chembe za uvimbe huo. Karibu sisi sote tunavyo virusi hivyo, lakini malaria ya mara kwa mara huvuruga kinga ya mtoto. Maradhi haya hayaambukizwi, wala si kurogwa.

Wewe wa Mutuini utasema huku ni baridi, mbu wa malaria ni wachache. Ni kweli, lakini mtoto aliyelelewa Nyanza au Pwani yafaa daktari aelezwe hivyo.

Aina nyingine ni limfoma ya Hodgkin. Hii huanza kwa tezi zisizouma, hasa shingoni, pengine pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Burkitt nayo yaweza kuanzia tumboni.

Nenda Hospitali ya Mutuini, na ukipewa barua ya Kenyatta, nenda siku hiyo hiyo. Huko kipande cha uvimbe hupimwa maabara ili aina yake ijulikane. Tiba kubwa ni dawa za kutiwa mshipani. Hapa Nairobi, daktari Peter Clifford alikuwa miongoni mwa waliozijaribu mwanzoni, miaka ya 1960, na watoto wakapona.

Dawa ya kwanza yaweza kuunywesha uvimbe kwa siku chache, na hapo ndipo wazazi wengine humrudisha mtoto nyumbani. Usifanye hivyo! Chembe zilizobaki hazionekani kwa macho, nazo hukua tena. Maliza duru zote za dawa.