Risasi Katika Sufuria

Jijini Kampala, anayeshuka kutoka Clock Tower kwenda Kibuye huisikia Katwe kabla hajaiona. Nyundo hugonga bati tangu asubuhi, msumeno wa umeme unalia, na moshi wa oili chafu unakwaruza koo. Kando ya barabara zimepangwa sigiri, milango ya chuma, mashine za kukaangia bisi, na sufuria. Sufuria ziko za kila kimo, kuanzia ile ya chai ya mtu mmoja hadi lile pipa la alumini ambamo wapishi wa shule hukoroga posho, yaani ugali, kwa mwiko unaoshikwa kwa mikono miwili.

Walimwengu waliijua Katwe mwaka 2016 kwa filamu iliyosimulia habari za Phiona Mutesi, binti aliyetoka kwenye vibanda vyake akawa mchezaji wa sataranji wa kimataifa. Kampala yenyewe ilikuwa imeijua zamani, kwa sababu nyingine. Kitu kikivunjika, Katwe watakiunga. Kikikosekana madukani, Katwe watakibuni. Hata wale wanaopenda kutania kwamba kila bidhaa bandia nchini imezaliwa Katwe, chakula cha mchana wanakipikia sufuria ya Katwe.

Makala haya hayakuandikwa kuwatia doa mafundi hao. Sufuria ya kusubu ni nzito, haiungui upesi, hudumu miaka, na bei yake mtu wa kipato cha chini anaimudu. Swali linalofaa kuulizwa na kila mwenye jiko ni hili tu: ile alumini, kabla haijawa sufuria, ilikuwa nini?

Jibu liko kwenye rundo lililo mlangoni mwa banda. Humo mna kopo la soda, pistoni, kifuniko cha injini ya pikipiki, fremu ya dirisha, sahani iliyotoboka, kipande cha rejeta, waya, na sanduku la gia lililokatwa kwa shoka. Vyote vimenunuliwa kwa kilo kutoka kwa waokotaji. Fundi huvitia ndani ya tanuri lililotengenezwa kwa pipa na kukandikwa udongo ndani, feni ikapuliza, na baada ya muda metali inang'aa kama maziwa. Takataka zinazoelea juu huenguliwa kwa upawa. Kisha huimimina kwenye kalibu ya mchanga iliyoshindiliwa kufuata umbo la sufuria ya zamani, akasubiri, akavunja mchanga, akaanza kuisugua sufuria mpya mpaka ing'ae. Ni kazi ya ustadi, na kuitazama kunapendeza.

Lakini upawa hauengui kila kitu. Rejeta za zamani ziliungwa kwa lehemu yenye metali ya risasi. Vichwa vya nyaya za betri mara nyingi ni risasi. Baadhi ya beringi na aloi za injini zina risasi ndani yake, na rangi iliyobaki kwenye chuma cha zamani huenda ikawa nayo pia. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Kipande chake kikiingia tanurini kimetangulia kuyeyuka kabla wenzake hawajalainika, kikapotelea humo humo. Sufuria itakayotoka haitakuwa na rangi tofauti wala harufu. Mchuzi wake hautakuwa na ladha ya ajabu. Si muuzaji wala mnunuzi anayeweza kuijua kwa macho, hata awe amezaliwa sokoni.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, walitangaza matokeo ya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walichemsha humo maji yaliyotiwa asidi ya siki kwa saa 2, kuiga mchuzi unaotokota, kisha wakapima kilichotoka. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu 1 au zaidi ya risasi katika kila mililita 250, yaani bakuli moja la mchuzi. Katika vyombo 40 kati ya hivyo 42, alumini yenyewe ilizidi kiasi ambacho mtu mzima wa kilo 70 anahesabiwa kukivumilia kwa siku.

Mikrogramu moja ni ndogo mno, msomaji atasema. Basi na ajue kwamba Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani imeweka mikrogramu 2.2 kuwa kipimo cha tahadhari kwa mtoto kwa siku nzima, katika vyakula vyote alivyokula. Na kuna wanaoamini kwamba sufuria ikishazoea moto huacha ubaya wake. Sufuria moja ya Vietnam katika utafiti huo ilitoa mikrogramu 33 ilipochemshwa mara ya kwanza. Ilipochemshwa tena ikatoa 1,126, na tena 1,426. Kuzoea moto hakukuisaidia kitu.

Sasa risasi hufanya nini mwilini? Mwili huidhania kuwa ni kalisi. Huipokea kwa heshima zote na kuihifadhi kwenye mifupa na meno, ambako hukaa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake hutoa kalisi ya kumjenga mtoto, na risasi iliyolala humo huamka ikafuatana nayo hadi tumboni. Mtoto mdogo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima aliyekula kiasi kile kile, na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Kwa watu wazima huleta shinikizo la damu na kuharibu figo. Kwa mtoto hushambulia ubongo unaojengwa. Shirika hilo limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Hapa ndipo ubaya wake unapojificha. Kipindupindu humwangusha mtu siku moja, na mtaa mzima ukajua. Risasi haimwangushi mtu. Mtoto anakua, anakwenda shule, anacheza mpira, ila hesabu hazimwingii, hatulii darasani, anasahau alichosoma jana. Mwalimu humwita mvivu na mzazi humwita mtukutu. Viboko vingapi vimechapwa katika Afrika Mashariki kwa kosa ambalo lilikuwa ndani ya damu?

Atakayedhani haya ni habari za mbali na asikie habari ya Kampala yenyewe. Uganda, sawa na nchi nyingine za kusini mwa Sahara, iliachana na petroli yenye risasi ilipofika mwisho wa 2005. Ilitarajiwa damu za watoto zisafike. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliopima watoto 163 wa miaka 4 hadi 8 jijini humo, ulikuta wastani wa mikrogramu 7.15 kwa kila desilita ya damu, na mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na 10 au zaidi. Magari yaliacha kuitema, watoto wakaendelea kuipata kwingine. Vyanzo vyake ni vingi, kama taka, udongo, rangi za kuta na betri zinazovunjwa uani. Jiko lisitolewe kwenye orodha hiyo ati kwa sababu ni mahali pa mama.

Wapo watakaojibu: mababu zetu walipikia nini, mbona waliishi? Mababu walipikia vyungu vya udongo. Na pishi la Kiganda lilikuwa na busara ambayo pengine halikuikusudia: matooke hufungwa kwenye majani ya mgomba na kuiva kwa mvuke, vikonyo vikiwa chini, hivyo chakula na chombo havigusani sana. Tatizo liko kwenye kinachogusa. Mchuzi wa nyanya uliotokota saa nzima, ndimu, ukwaju, maziwa yaliyoganda, vyote vina asidi inayolamba metali. Maharage yaliyotiwa magadi ili yaive upesi nayo huila alumini, kwa njia nyingine. Chumvi huongeza. Kisha chakula kikalala humo humo usiku kucha kikisubiri kupashwa asubuhi.

Basi mwenye jiko na aanze na yaliyo mkononi mwake. Sufuria ya kusubu na iwe ya kuchemshia maji ya kuoga na ya kupikia matooke yaliyofungwa majani. Mchuzi wenye nyanya na upikwe kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu au chungu, na atakayekosa hivyo asiache chakula kulala ndani ya sufuria, akihamishie kwenye bakuli kikishaiva. Kusugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae kama kioo ni fahari ya mama wengi, lakini fahari hiyo huondoa utando mwembamba unaoikinga alumini, ikabaki uchi mbele ya asidi. Sifongo na sabuni vinatosha. Watoto na wapewe dagaa wa mukene, maziwa na mboga za majani, kwa maana mwili uliojaa kalisi na madini ya chuma hauna njaa kubwa ya risasi. Haya yote hupunguza, hayaponyi. Na mzazi aliye jirani na tanuri au na karakana ya betri ana haki ya kumuuliza daktari juu ya kipimo cha damu cha risasi, asione haya.

Hata hivyo mwenye kuumia kwanza si mlaji. Ni fundi. Yeye huvuta mvuke wa tanuri kutwa, hula chapati kwa mikono ya kazi, kisha hurudi nyumbani na vumbi kwenye shati na mwanawe humrukia kifuani. Afrika imekwisha kuyaona matokeo pale risasi inapozidi. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008, baada ya watu kuchekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri. Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mtoto wake mchanga aliugua, na damu yake ikakutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi akaanza kupiga kelele, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama iliwaamulia wanakijiji fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu iliyoburutwa kwa rufaa kwa miaka. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, hazirudishi ubongo wa mtoto.

Kwa hiyo fundi wa Katwe ana kila sababu ya kuchambua rundo lake kabla ya kuwasha moto. Betri na nyaya zake zisikaribie tanuri. Rejeta, beringi na kila kilichoungwa kwa lehemu viende kwingine. Fremu za madirisha na nyaya za umeme za alumini ndizo zinazofaa kwa sufuria. Vyuma vya injini vibaki kwa vifaa visivyogusa chakula. Nguo za kazi zibaki kazini. Kuchambua kunachukua muda, na muda ni pesa kwa mtu anayelipwa kwa idadi ya sufuria, hilo lisifichwe. Ndiyo maana mzigo usiwe wake peke yake.

Serikali nayo isikimbilie tinga. Kubomoa mabanda kutahamishia matanuri Kisenyi au nje ya jiji, na sufuria zitarudi sokoni na risasi ile ile. Zipo taasisi zenye jukumu: Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ambalo ndilo lenye alama ya ubora, mamlaka ya mazingira, NEMA, yenye sheria ya mazingira ya 2019, na maabara ya mkemia wa serikali pale Wandegeya. Kuna kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei ambacho husoma metali zilizomo kwenye kipande kwa muda mfupi. Kimoja tu kikizunguka kwenye vyama vya mafundi kitaokoa zaidi ya semina kumi za hotelini. Utafiti ule wa 2017 ulionyesha pia kwamba kuipaka sufuria utando maalumu kulipunguza alumini inayotoka kwa zaidi ya asilimia 98, na metali nyingine kwa kiasi kinachokaribia hicho. Hiyo ni kazi ambayo Katwe ikifundishwa itaijua, maana hakuna ilichowahi kushindwa kuiga.

Na sheria inawezekana. Jimbo la Washington nchini Marekani lilipokuta watoto wa wakimbizi wa Afghanistan wana risasi nyingi damuni, wapimaji walifuatilia mpaka jikoni, wakazikuta sufuria za alumini walizokuja nazo. Mwaka 2024 jimbo likatunga sheria ya kuzuia kuuza vyombo vya kupikia vyenye risasi inayozidi sehemu 5 kwa milioni. Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kukataa sumu, kwa kuikataa petroli ile, na kwa kupiga marufuku krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki, ingawa krimu hizo bado zinapatikana kwa anayejua pa kuziulizia.

Lakini sheria huchelewa, na yupo mnunuzi mmoja asiyehitaji kuisubiri. Shule. Mapipa makubwa ya alumini yanayotoka Katwe huishia kwenye majiko ya shule, na ndani yake hupikwa maharage kila siku ya masomo kwa mamia ya watoto, kwa saa nyingi, pamoja na chumvi na nyanya. Mama mwenye sufuria moja hana sauti mbele ya muuzaji. Mkuu wa shule anayeagiza mapipa kwa pamoja anayo. Na amwambie fundi kwamba anataka kuona rundo lililochambuliwa kabla ya kulipa, na kipande kimoja kipelekwe Wandegeya kupimwa kwa gharama ya shule. Kamati za wazazi, zinazojadili sare na ada mpaka jua linatua, na ziliweke hili kwenye ajenda ya mkutano ujao.