Barazani: Kununiwa na Kuharibiwa ni Mambo Mawili



Mwaka huu vijana wetu kadhaa wameniletea suala moja: "Wenzangu kazini hawanitaki, niache kazi?" Sitawajibu mmoja mmoja. Nitaeleza yaliyonikuta mwenyewe hapa Dubai, na kila mtu achukue linalomfaa.

Nilikuwa karani wa mizigo katika kampuni moja ya Deira, kazi yangu kuandaa hati za forodha. Chumbani tulikuwa sita: watano wa mji mmoja na lugha moja, na mimi. Asubuhi nikitoa salamu hakuna anayeitikia. Mchana wao wanakula pamoja, mimi na wali wangu pembeni. Nikiingia, mazungumzo hukatika. Siku moja mmoja wao alioza binti yake. Kadi za mwaliko nikaziona juu ya meza zote isipokuwa yangu.

Jioni ile nilipanda abra kuvuka Khor kwenda Bur Dubai, na kabla hatujafika ng'ambo nilikwisha itunga barua ya kuacha kazi kichwani. Nikapitia kwa mamangu. Bi mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mshahara wanakuzuilia?"

"La, mama."

"Kazi yako wanaiharibu?"

"La."

"Basi wamekununia tu. Mimi nilifika hapa baada ya 1964, nchi hii hata haijaitwa Imarati, nikawashonea nguo watu wasioniuliza jina. Mtu akikununia hajakunyima riziki. Rudi kazini."

Nikarudi. Salamu nikaendelea kuitoa, ila nikaacha kuingoja irudi. Nakiri kwamba hilo peke yake liliniondolea nusu ya dhiki.

Miezi minane baadaye ikazuka kadhia nyengine. Hati niliyoiandaa mwenyewe ilinirudia na thamani ya bidhaa imebadilishwa, na chini yake jina langu. Nilipouliza, chumba kizima kilinyamaza. Msimamizi akasema nimesahau nilichoandika. Wiki mbili hazijapita, ikaja ya pili. Hapo nilishikwa na hofu, maana mambo ya forodha hayana mzaha: anayeitwa kujibu ni mwenye jina.

Safari hii bi mkubwa hakuuliza maswali. "Ondoka," alisema, "lakini utoke kwa mlangoni, usiruke dirishani. Kamwone ami yako."

Ami amefanya kazi za ofisi umri wake wote. Nilimwambia nimekwisha piga hesabu: mshahara wangu dirham 7,000, miaka minne kamili, kiinua mgongo 19,600. Akacheka. Sheria ya kazi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mfanyakazi mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Lakini kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi, posho ya nyumba na usafiri hazimo. Wangu wa msingi ulikuwa 4,000. Kwa hivyo 2,800 kwa mwaka, jumla 11,200. Habari njema ni kwamba zamani aliyejiuzulu mapema alikatwa sehemu ya haki hiyo, sasa hakatwi.

Akanifungulia mkataba. Notisi siku 60; sheria inaruhusu kati ya 30 na 90. Ukiondoka bila ya kuitimiza, utamlipa mwajiri fidia ya siku zilizobaki. Tena viza za mke wangu na watoto wawili zilitegemea yangu, na yangu ilitegemea kazi. Akanionyesha pia kwamba sheria hiyo inakataza uonevu wa maneno, wa mkono au wa kuumiza nafsi, ukitoka kwa mkubwa wako au kwa wenzako, na kwamba mlango wa kushitaki wizarani upo.

Nilimwandikia meneja kwanza, nikizitaja hati mbili kwa nambari na tarehe, nikabaki na nakala ya barua. Sikujibiwa. Nikatoa notisi, nikazitumikia siku zote 60 huku nikitafuta pengine. Nikapata Sharjah, mshahara 6,000. Elfu moja iliyopungua tuliihisi nyumbani kila ada ya skuli ilipofika.

Siku ya mwisho mmoja wa wale watano alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Akasema kwa sauti ya chini, "Sikuziandika mimi, lakini nilimwona aliyeziandika." Ana watoto watano na viza kama yangu. Pale pale sikuweza kumjibu. Nilimsamehe baadaye, njiani.

Basi, vijana wetu, anayekunyima salamu mvumilie, huenda ana yake. Anayeligusa jina lako usimvumilie. Na kabla ya kuondoka usome mkataba, ujue mshahara wako wa msingi, uhesabu notisi na viza za wanaokutegemea, na pasipoti yako ikae kwako, kwani mwajiri haruhusiwi kuizuia. Hasira ukitaka kuwa nayo, iwe baada ya hapo.

Tukijaaliwa uhai, mwakani tukutane tena barazani hapa hapa.